Giaboksi ya Beseni

"Haioani," Spana alisema. Aliiweka karatasi juu ya meza ya kukatia nguo, akajishusha kwenye stuli, kisha akaunyanyua mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili na kuulaza juu ya stuli ya pili.

Mkewe hakuinua macho mara moja. Alikuwa katikati ya pindo la sketi ya shule, na pindo likiachwa katikati huonekana hata likimaliziwa vizuri namna gani. Alipofika mwisho alikata uzi, ndipo akauliza, "Ipi tena hiyo?"

"Ile giaboksi ya Miwani. Otomatiki. Matundu ya bolti hayakutani na ya injini yetu."

"Hata moja?"

"Mama Pindo, mimi ndiye fundi. Nimesema haioani."

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa sababu nguo iliyopita mikononi mwake ilichakaa kwanza kabla pindo halijafumuka. Mumewe walimwita Spana tangu alipokuwa fundi mkuu kwenye karakana ya mabasi, enzi ambazo dereva akilalamika kuwa gari linapiga kelele, yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, akataja nati iliyolegea. Kisha siku moja jeki iliteleza na basi likamlalia mguu. Mguu ulipona kwa maana ya kwamba haukukatwa. Ulimbeba hadi dukani na kumrudisha, kwa fimbo na kwa shingo upande, lakini ukiambiwa usukume kitu ulikataa kama mtoto aliyesusa.

Pembeni ya dirisha alikaa Bibi, mama yake Spana, akifumua koti kuukuu kwa wembe ili kitambaa kitumike tena. Chumba hicho cha mbele kilikuwa sebule, kilikuwa duka la cherehani, na kwa siku hizo kilikuwa pia ofisi ya mhandisi, maana kwenye rafu ya vitambaa kulikuwa na kabureta iliyofungwa kwenye kipande cha satini.

"Hilo beseni lenu," Bibi alisema, "lingekuwa la kufulia lingekwisha kutufaa."

Mama Pindo alibana midomo asicheke.

Beseni lilikuwa gari. Lilikuja vipande vipande ndani ya masanduku, gari la kujiundia, fremu huku na bodi ya faiba kule, na mteja wa zamani aliyekuwa anahama alimwachia Spana akamwambia akiweza kuliunganisha ni lake. Spana aliliunganisha. Aliifanya kazi hiyo amekaa, amelala, amejiegemeza, na mara nyingine amejifunga mkanda kwenye fremu asianguke, na kila bolti ikakaa mahali pake. Kwa kuwa halikuwa na paa na tumbo lake lilikuwa la mviringo, majirani walilibatiza Beseni. Injini ndogo iliyokuja nalo ilipasuka siku ya majaribio. Shemeji yake, kaka wa Mama Pindo, akamletea nyingine kubwa zaidi kutoka kwenye gari la ajali, nzima na yenye nguvu, ila haina giaboksi, na ile ya injini ndogo haikuoana nayo.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Giaboksi hukaa nyuma ya injini, uso kwa uso, na kama matundu ya moja hayakutani na ya nyingine, hakuna nyundo wala dua itakayoziunganisha. Karatasi ile ilikuwa wazo la Mama Pindo. "Mimi nikitaka kujua kama kola itakaa shingoni, sibebi shati zima mpaka sokoni," alisema, akampa karatasi yake ngumu ya kuchorea patani. Spana akaibandika kwenye uso wa nyuma wa injini, akaipapasa, akatia wino kila penye tundu, akakata ukingo wote. Ikawa patani ya injini, na akawa anazunguka nayo kwa wauza vipuri ameiviringisha kwapani.

Muda ulikuwa unawaishia. Mwenye ua walikoliegesha Beseni alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, na neno lake lilikuwa moja: mwisho wa mwezi gari litoke kwa injini yake yenyewe, la sivyo mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja na lori. Mnunuzi huyo alikwisha pita kuliangalia. Aliigongagonga bodi kwa kidole, akainama, akamuuliza Spana aliyekuwa amelala chini ya gari hilo hilo, "Mzee, humu chini kuna shaba?"

Spana alimsimulia mkewe hadithi hiyo kama kichekesho, lakini hakuifikisha mwisho. Tangu aumie, Beseni ndicho kitu pekee alichokuwa amekitengeneza kwa mikono yake. Alishatangaza kwa kila mtu kwamba siku ya kutoka atakaa yeye kwenye usukani, na kuanzia siku hiyo sare za mkewe zitafika mashuleni kwa gari la nyumbani. Mtu akishatangaza hivyo, kulitazama gari lake likikatwa vipande ni zaidi ya hasara.

*

Miwani, yule muuza vipuri, alipiga simu tena asubuhi moja. Ameingia na giaboksi nyingine, ya klachi safari hii, huenda ikafaa. Spana alishika simu kwa mikono miwili. Alipoikata, uso wake ulikuwa umechangamka, lakini alipojaribu kusimama mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii.

"Nitakwenda mimi," Mama Pindo alisema.

"Wewe?"

"Karatasi si yangu?"

Spana aliikunjua karatasi mezani. "Haya, sikiliza. Wino ulale kwenye chuma. Usisahau. Hii niliichora nikiutazama mgongo wa injini. Giaboksi nayo inaitazama injini, kama watu wawili wanaosalimiana. Kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Ukiiweka wino juu, utaikataa giaboksi nzuri bure."

"Spana, mimi nikiwa najifunza kazi nilikata mikono miwili ya kushoto ya koti la bwana harusi. Usinifundishe kugeuza patani."

Spana alicheka. Ilikuwa kitambo hajacheka hivyo, na Bibi pale dirishani aligeuka kutazama. "Basi pima na urefu," aliendelea, sasa kwa raha. "Toka mdomoni mpaka mkono wa gia unapotokea. Utokee hapa, karibu na goti. Ikiwa ndefu utatokea nyuma ya kiti, tutakuwa tunabadilisha gia kama tunajikuna mgongo."

Mama Pindo alivaa futi yake shingoni, akatia karatasi kwapani, akatoka.

*

Ua wa vipuri ulikuwa milima ya vyuma na vijia vyeusi vya mafuta katikati yake. Wanaume waliokuwa wakifungua injini ya lori waliacha kazi walipomwona mwanamke mwenye futi shingoni akipita baina ya milango na bampa.

"Mama, umekuja kuipima suruali giaboksi?" mmoja aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Nikimaliza nayo nitakuja kwako," Mama Pindo alijibu bila kusimama. "Wewe uko wazi huko nyuma tangu asubuhi, hawa wenzako hawapendi tu kukuambia."

Yule mtu alipeleka mkono nyuma upesi, na kicheko kikahamia kwake.

Miwani alikuwa mzee mwembamba ambaye miwani yake ilikuwa na mkono mmoja wa plastiki na mwingine wa waya. Alimwonyesha ile giaboksi ya klachi. Mama Pindo alipiga magoti kwenye vumbi, akaifuta kwa kitambaa, akalaza karatasi, wino kwenye chuma. Tundu la juu lilikubali. La pembeni lilikubali. Ya chini yote mawili yakakataa, tena si kwa unywele, kwa upana wa kidole. Aliigeuza kidogo huku na huku, kama anayemtafutia mteja mnene nafasi kwenye kiuno, kisha akakubali ukweli.

"Haioani."

"Bahati mbaya," Miwani alisema. "Na ile nyingine mzee aliikataa. Inanishangaza mpaka leo, maana kwa macho yangu ilitoka kwenye gari la ukoo mmoja na injini yenu."

"Iko wapi?"

Ilikuwa chini ya turubai, kubwa, yenye tumbo, aina ya zamani isiyohitaji kompyuta. Mama Pindo alilaza karatasi. Hakuhitaji kuisogeza. Miwani alichukua bolti kwenye kopo, akazipitisha moja moja kwenye karatasi, na kila moja ikazama kwenye tundu lake bila kubembelezwa. Alipima urefu kwa futi. Mkono wa gia ungetokea karibu na goti, pale pale alipoonyeshwa.

"Mume wangu aliiweka hivi?" aliuliza.

"Hapana, aliiweka wino juu. Nikamwambia, mzee, si tuigeuze? Akanikazia macho. Nami ningesema nini? Yule ni bingwa, mimi ni muuza vyuma."

Mama Pindo aliendelea kupiga magoti ingawa kazi ya magotini ilikwisha. Mtu aliyemwelekeza asubuhi ile, neno kwa neno, kwamba wino ulale kwenye chuma, hawezi kukosea kitu hicho hicho mbele ya giaboksi. Spana alijua inaoana. Alijua, akaficha. Na sababu haikuwa ngumu kuiona, maana gari la otomatiki halina klachi, na mahali pasipo klachi mguu wa kushoto hauna kazi. Akaona huruma kwanza, hasira ikafuata nyuma yake, na hasira yenyewe haikukaa.

"Usimuuzie mtu hii mpaka kesho," alisema.

"Mama, hapa siweki vitu. Anayekuja na hela anachukua."

"Vijana wako hawana ovaroli. Nitawashonea, utaniondolea kwenye bei. Ukitaka uwaache waendelee kuuza vipuri huku makalio yakichungulia wateja, shauri yako."

Miwani aliwageukia wafanyakazi wake. Aliwatazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza, kuanzia mabegani kwenda chini.

"Mpaka kesho mchana," alisema.

*

Nyumbani Spana alikuwa anashona vifungo. Kazi hiyo alijipa mwenyewe tangu alipokaa nyumbani na hakuwahi kuilalamikia, lakini alikuwa na tabia ya kusukuma shati chini ya meza kila mtu alipopita mlangoni. Safari hii hakulisukuma. Alilishika vile vile, akisubiri.

"Ya klachi imekataa," Mama Pindo alisema. "Matundu ya chini."

"Ah." Alilaza sindano. "Basi tutaendelea kutafuta."

"Ile otomatiki imekubali."

Bibi alisimama dirishani. "Ngoja nikaanue nguo," alisema, akatoka. Kwenye kamba hapakuwa na nguo hata moja.

Spana alitazama kifungo kilichoning'inia kwa uzi.

"Ulijua," mkewe alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?" Sauti ilishuka. "Mimi niliwafundisha madereva wa mabasi kubadilisha gia kwa sikio. Nilikuwa nawafumba macho kwa kitambaa, nawaambia wasikilize, injini itawaambia yenyewe. Leo nikae kwenye gari nililoliunda kwa mkono wangu, nivute kijiti kimoja, nikunje mikono kama abiria? Watasema Spana kashindwa klachi."

"Watasema nani?"

"Watu."

"Yule wa shaba?"

Spana aliupapasa mguu juu ya goti, bila kujua anaupapasa. "Nimefunga springi nyuma ya pedali, kule uani. Ngumu, kama klachi ya kweli. Kila nikienda naikanyaga. Nasubiri mguu urudi."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema nisisubiri."

Mama Pindo alivuta stuli, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. "Unamkumbuka yule mwalimu mwenye bega moja limeshuka? Alipokuja kushona koti, kila fundi alikuwa ameshamshonea mabega sawa, likawa linamning'inia upande. Mimi nilikata upande mmoja tofauti. Lile koti ulilipiga pasi wewe. Alipolivaa ulisema nini?"

"Nilisema limemkaa."

"Ulisema kanyooka."

"Mimi si koti, Mama Pindo."

"Wewe ni mgumu kuliko koti." Aliinua mkono kumzuia asijibu. "Sitakulazimisha. Gari ni lako, mguu ni wako. Kesho asubuhi nenda uani peke yako. Ukiikanyaga ile pedali mpaka chini, tena na tena, bila kushika paja kwa mkono, tutatafuta ya klachi hata kama itabidi nimpigie mwenye ua magoti atuongezee muda. Mimi sitakuja kuangalia."

*

Kwa hilo namvulia Mama Pindo kofia, maana hakwenda kweli. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye ua ule palikuwa karibu sana, na kisingizio cha kupita hakikosekani kwa mtu anayekitaka. Alikaa kwenye mashine yake asubuhi yote, akashona mfuko wa shati juu chini, akaufumua, akaushona tena juu chini.

Spana alipanda Beseni taratibu. Injini ilikuwa mbele yake juu ya vikalio vyake, nyuma yake pengo, na kupitia pengo hilo aliona udongo. Alishika usukani. Aliweka mguu wa kushoto kwenye pedali, akavuta pumzi, akakanyaga. Ilikwenda mpaka chini. Alitabasamu peke yake kama mjinga.

Mara ya pili ilifika nusu na kusimama. Aliuma meno, mguu ukaanza kutetemeka kuanzia nyonga, pedali ikamrudisha. Akapumzika, akajaribu tena, na safari hii ilikwenda chini bila shida. Alikuwa ameshaanza kufurahi alipoinamisha macho na kuona mikono yake yote miwili imelikandamiza paja. Hakukumbuka iliondoka lini kwenye usukani.

Hakuna aliyemwona, na labda ndiyo maana aliweza kuacha machozi yakashuka bila kuyafuta. Aliililia karakana, akawalilia madereva aliowafunga vitambaa machoni, akamlilia yule Spana aliyekuwa anaruka mashimo ya karakana kwa mguu huo huo. Kisha akatoa spana mfukoni. Aliinama chini ya usukani, jambo ambalo kwake lilikuwa safari, akaanza kulegeza nati.

Alipoingia nyumbani Mama Pindo alikuwa amekunja uso juu ya ule mfuko. Spana alitoa kitu kilichofungwa kwenye tambara, akakiweka juu ya patani zilizotandazwa mezani. Kilikuwa pedali ya klachi.

"Karatasi zako hupeperuka feni ikiwashwa," alisema. "Nzito, itazishika."

Mama Pindo aliitazama pedali, akamtazama mumewe, akaona macho mekundu. Alichukua simu akampigia Miwani amwambie asimuuzie mtu.

*

Kuanzia hapo Spana alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa yule wa zamani. Giaboksi ilipofika, Miwani aliileta mwenyewe juu ya mkokoteni, pamoja na bakuli lake la mafuta na lile bamba jembamba linalokaa mahali pa klachi, kisha akakataa kuondoka. Shemeji, ambaye ni mchomeleaji, alikuja na mitambo yake. Spana alilala juu ya kipande cha godoro kando ya gari akatoa amri.

Tatizo la kwanza lilikuwa tumbo. Otomatiki ni nene, na ule mwinuko wa katikati ya sakafu ambamo giaboksi hujificha ulikuwa umepimwa kwa giaboksi nyembamba. Walipoinua, ikagoma kuingia.

"Tukate sakafu yote tuanze upya," Shemeji alisema.

"Ukate sakafu yote, kiti nitakiweka kwenye paja lako?" Spana aliuliza.

Mama Pindo alikuwa ameleta chai. Alichungulia. "Mtu akinenepa hatutupi suruali," alisema. "Pasua pembeni, ongeza kipande." Akapiga magoti palepale, akachora kwenye karatasi kipande chembamba huku na kipana kule. Shemeji alikichukua akakikata kwenye bati, akakichomelea, na giaboksi ikapanda ikakaa, imebana kidogo tu kwenye ubavu.

"Dada, umekosa wito," Shemeji alisema.

"Sijakosa. Wewe ndiye unayeshona kwa moto kwa sababu sindano ilikushinda."

Spana aliagiza bolti zikazwe kwa mshazari, moja juu, nyingine chini upande wa pili, kama alivyowazoesha vijana wa karakana. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma ilizidi urefu, ikapelekwa kwa fundi wa kuchonga vyuma kufupishwa, na Spana alimkatalia kazi yake mara mbili mpaka fundi yule akasema kwamba hata akioa tena hatapimwa hivi. Mwishowe ikaingia. Jioni hizo Spana alirudi nyumbani mweusi kwa grisi, mguu umevimba, na akala kama mtu aliyetoka kazini. Bibi alimwangalia akila, akamsogezea na sahani yake.

*

Siku ya mwisho wa mwezi mwenye ua alikuwa getini mapema. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshaegeshwa nje, na mnunuzi alikuwa ameketi kwenye bampa lake akitafuna karanga.

"Saa imefika, Spana," mwenye ua alisema, bila ubaya lakini bila kutazama usoni.

"Fungua geti lako," Spana alijibu.

Aliwasha. Injini iliitika mara moja, ikanguruma, na watoto wa jirani wakapanda ukutani. Alivuta kijiti cha gia kwenye nafasi ya kwenda mbele. Beseni halikusogea. Alikanyaga pedali ya mafuta, injini ikapiga kelele zaidi, na gari likabaki pale pale kama meza.

Mnunuzi wa vyuma alisimama, akakung'uta maganda ya karanga kwenye mapaja. Miwani akatazama chini. Mwenye ua akakohoa na kusema kwamba labda wangempisha tu mwenzao afanye kazi yake.

Zamani Spana angewafokea wote. Safari hii aliinamisha kichwa, akasikiliza. Chini kwenye ile sakafu iliyoongezwa kipande kulikuwa na mlio mwembamba, wa kitu kinachonyonya hewa. Uso wake ukatulia.

"Ina kiu," alisema. "Bakuli limekunywa mafuta yote tuliyotia. Shemeji, lete lile kopo. Usinizimie injini, otomatiki hutiliwa ikiwa inanguruma. Polepole."

Shemeji alimimina. Spana alisikiliza, kidole hewani, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akisoma. Mlio ulipungua, ukawa mkoromo, ukanyamaza. Alishusha kidole.

"Yatosha. Mama Pindo, panda."

"Mimi? Nimevaa aproni."

"Panda."

Alipanda, futi ikiwa bado shingoni. Spana alivuta kijiti. Gari lilishtuka kidogo, kisha likaanza kwenda, taratibu, kwa magurudumu yake na kwa injini yake, likapita katikati ya uwanja, likapita mwenye ua aliyekuwa ameshika geti kwa mikono miwili. Bibi alikuwa amesimama karibu na lori. Beseni lilipompita aligeuka kwa mnunuzi wa vyuma.

"Kijana," alisema, "shaba yako inaondoka hiyo."

Mtaani watu walitoka milangoni. Hakuna aliyesema Spana kashindwa klachi. Kinyozi alitoka na mashine yake mkononi ingali inalia, mteja akabaki ndani nusu kichwa. Spana alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani, akijaribu kutotabasamu na kushindwa.

Walifika kwenye njia panda. Alikanyaga breki kwa mguu wa kulia, na wakati huo huo Mama Pindo aliuona mguu wa kushoto, ule wa kususa, ukinyanyuka wenyewe na kukanyaga sakafu tupu, mahali ambapo klachi ingekuwa. Ulibaki pale, umekaza, ukitetemeka kidogo.

"Umekanyaga nini?" aliuliza.

Spana alitazama chini. "Sijui. Umekwenda wenyewe."

"Bila mkono."

"Nimeona. Sasa ndiyo unajitolea, wakati hakuna kazi."

Mama Pindo aliweka kiganja juu ya goti lile, akausikia ule mtetemo mpaka kwenye kiwiko chake. "Uache," alisema. "Kama unataka kusaidia, usaidie."

Nyuma yao mtu alipiga honi. Spana aliuondoa mguu wa kulia kwenye breki, wa kushoto akauacha pale pale ulipotaka kukaa, na wakakata kona.